Shajara ya mradi: wimbo mmoja, kutoka daftarini hadi kwa washirika

Lengo ni wimbo mmoja mpya wa Kiswahili, maneno na melodi, ukamilishwe pamoja na wapigaji wa besi na kinanda na mwimbaji wa sauti ya pili. Hakuna anayeishi jirani na mwenzake. Maelezo ya kila hatua yanaongezwa hapa ikishafungwa. Yaliyokwenda sawa yametajwa kwa kifupi tu. Yaliyokwama yamepewa nafasi, kwa kuwa ndiyo yatakayomkwamisha na mwingine.

8 Januari: vifaa na mipaka

Gitaa la akustika, kapo (kibano cha shingo ya gitaa kinachopandisha sauti ya nyuzi zote), tyuna ya simu, hedifoni za waya, kompyuta ya kawaida yenye Audacity (programu ya bure ya kurekodi), daftari. Maikrofoni ya USB itaingia wakati wa demo (rekodi ya majaribio). Kabla ya hapo haina kazi, na anayeinunua kabla ya kuwa na kibwagizo ananunua udhuru wa kuchelewa.

Mipaka iliwekwa kabla ya neno la kwanza: kodi za gitaa (noti zinazopigwa kwa pamoja) zisizidi nne, mwendo ni mapigo 96 kwa dakika, wimbo usizidi dakika tatu. Kwa mwendo huo pigo moja ni milisekunde 625, na kipimo kimoja cha mapigo manne ni sekunde 2.5. Hesabu hii itarudi mara nyingi hapa chini.

21 Januari: maneno

Jaribio la kwanza lilianza na beti, kibwagizo kikaachwa kije chenyewe. Hakikuja. Beti zote zilikuwa zinasema jambo lilelile kwa maneno tofauti, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuzifunga. Ukageuzwa mpangilio: kwanza kibwagizo, kisha beti zinazoeleza kwa nini kibwagizo kinasemwa.

Kilichopatikana:

Barua haijafika, nasubiri mlangoni,
Kalamu imeshachoka na maneno ya moyoni.

Ni mizani nane kwa nane, kina cha kati -ka, cha mwisho -ni, yaani mishororo miwili iliyojengwa kama ya tarbia. Neno "mlangoni" litabadilika. Sababu iko kwenye maelezo ya 4 Februari.

Beti zilianza na umbo hilohilo, mizani 16 kwa mshororo. Karatasini zilipendeza. Mdomoni zilikaba. Kila silabi ikichukua nusu ya pigo, mizani 16 hujaza vipimo viwili bila kubakiza hata nusu pigo la kuvuta pumzi, na mshororo wa pili unaanza papo hapo. Mashairi yanayoghaniwa yana mahadhi yake ambayo humwacha mghani apumzike anapotaka. Wimbo unaofuata mdundo wa mapigo manne haungoji mtu.

Dawa ikawa kupunguza kipande cha pili hadi mizani sita. Mfano, mshororo huu:

Taa zote zimezimwa, nimebaki macho wazi

ulikatwa ukawa:

Taa zote zimezimwa, nimebaki macho

Silabi mbili zilizoondoka zinaacha pigo zima la pumzi, milisekunde 625, na maana haikupungua kwa sababu "kubaki macho" kunajitosheleza. Karibu kila mshororo uliokatwa ulionyesha jambo hilo: silabi mbili za mwisho zilikuwa zimewekwa ili kutimiza hesabu tu. Vina vya mwisho vikatafutwa upya baada ya kukata. Usihangaike navyo kabla.

Gharama ya hatua hii ni karatasi na uvumilivu wa waliomo nyumbani.

4 Februari: mkazo na mdundo

Hapa ndipo nyimbo nyingi za Kiswahili za wanaoanza huharibika bila mwandishi kujua kasoro iko wapi. Maneno ni mazuri, melodi ni nzuri, vikikutana vinasikika kama vya mtu anayejifunza lugha.

Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ndani ya kipimo cha mapigo manne, ukigawa kila pigo mara mbili, unapata nafasi nane. Nafasi ya 1, 3, 5 na 7 ni pigo lenyewe. 2, 4, 6 na 8 ziko katikati ya mapigo. Panga neno kuanzia nafasi ya 1 na hesabu inajieleza: neno la silabi mbili lina mkazo nafasi ya 1, la silabi nne nafasi ya 3. Yote mawili yanakaa juu ya pigo. Neno la silabi tatu lina mkazo nafasi ya 2, la tano nafasi ya 4. Haya yanaanguka pembeni ya pigo, na msikilizaji anasikia silabi ya kwanza ikikaziwa mahali pasipostahili.

"Taa zote zimezimwa" inapita bila kuguswa: TA-a ZO-te zi-me-ZI-mwa, mikazo kwenye nafasi ya 1, 3 na 7. "Nimebaki macho" vilevile, ya 3 na ya 5.

"Barua haijafika" haipiti. Ni neno la silabi tatu likifuatwa na la tano. Ikianza kwenye pigo la kwanza inasikika BA-rua. Jaribio la pili lilisogeza "ba" nyuma, ikaimbwa mwishoni mwa kipimo kilichotangulia, ili RU iangukie pigo la kwanza. RU ikapona, lakini FI ikahamia nafasi ya 6 na kuanguka katikati ya mapigo. Ufumbuzi uliobaki ni kuirefusha RU ichukue pigo zima:

(ba) | RU— | a-ha | i-ja | FI-ka |

Sasa RU iko pigo la kwanza, FI la nne. "Kalamu imeshachoka" ina umbo lilelile la tatu na tano, kwa hiyo inaimbwa vilevile bila kazi ya ziada. "Na maneno ya moyoni" ina mikazo nafasi ya 3 na 7, haihitaji chochote. Kanuni ya kazi ni hii: maneno ya silabi shufwa yaanze juu ya pigo, ya silabi witiri yapewe silabi ya kutangulia au silabi ya kurefushwa.

Kisha "mlangoni". M yake ni silabi kamili, m-la-ngo-ni, kama ilivyo kwenye mtu, nchi, mbwa na nne. Katika "nasubiri mlangoni" hiyo M inaangukia nafasi ya 5, pigo la tatu, midomo ikiwa imefungwa. Katika wimbo wa polepole ingewezekana kuivumisha. Kwa mwendo wa 96 ilimezwa kila ilipoimbwa, na mstari ukabaki na mizani saba. Neno likabadilishwa kuwa "dirishani": silabi nne, kina kilekile, hakuna konsonanti peke yake juu ya pigo. Faida nyingine ilijitokeza: noti ya juu kabisa ya kibwagizo sasa inaangukia SHA. Awali kilele kilikuwa kwenye FI, na irabu /i/ inabana koo juu, /a/ inalifungua. Kama kuna noti moja inayokushinda katika wimbo wako, angalia irabu yake kabla ya kulaumu sauti.

Maneno machache ya mkopo hayafuati mkazo wa kawaida. Barabara ya kupita magari ina mkazo kwenye silabi ya tatu. Barabara ya "sawasawa" ina mkazo kwenye ya pili. Yatamke kwa sauti, usiyahesabu.

Si kila mkazo lazima ukae juu ya pigo. Kuchelewesha au kuwahisha silabi ni sehemu ya ladha ya dansi na rumba. Ila ifanywe kwa makusudi, irudiwe vilevile kila mara, na noti ndefu au ya juu isiwekwe kwenye silabi isiyo na mkazo katikati ya neno. Mwisho wa mstari sikio linasamehe: kurefusha irabu ya mwisho ni jambo la kawaida, alimradi silabi iliyotangulia imekaa juu ya pigo.

Melodi yenyewe ilipatikana kwa kusema mistari juu ya kliki (mlio unaohesabu mapigo), bila gitaa, mpaka ikae, kisha kuiinua polepole iwe noti na kuiandika kwa do-re-mi. Kuanza na gitaa mkononi kulikuwa kunaleta melodi zilezile ambazo vidole vimezizoea.

18 Februari: ufunguo

Melodi inaanzia so ya chini hadi la. Iliandikwa katika ufunguo wa G, yaani do ni G, kwa sababu gitaa linapenda G. Kwa sauti ya kiume isiyofunzwa hapo ni D ya chini hadi E ya juu, na E hiyo inapatikana mara moja tu. Jaribio ni kuimba kibwagizo mara tatu mfululizo bila kupumzika. Ya tatu ikivunjika, shusha. Ilishushwa hadi E, nusutoni tatu (nusutoni ni umbali mdogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda), na sasa "ba" ya mwanzo ikapotea chini kabisa. F ikawa katikati, C hadi D, na masafa hayohayo oktava moja juu yanamfaa pia mwimbaji wa kike wa sauti ya kati.

Kwenye gitaa, F inapatikana kwa kapo kwenye kitako (fret) cha tatu na maumbo ya D, G, A na Bm. Bm ikisumbua, Bm7 inatosha.

Tatizo la hatua hii lilijificha mpaka Aprili, lakini mahali pake ni hapa. Karatasi ya kodi iliandikwa kwa maumbo ya vidole: D, G, A, Bm. Mpiga kinanda aliisoma kama ilivyo na kurekodi kibwagizo kizima katika ufunguo wa D, wakati gitaa linasikika F. Karatasi sasa ina safu mbili: kinachosikika (F, Bb, C, Dm) na maumbo ya gitaa yenye kapo 3. Mtu wa kinanda na wa besi wapewe safu ya kwanza tu.

25 Februari: muundo

Utangulizi vipimo 4, ubeti 16, kibwagizo 8, ubeti 16, kibwagizo 8, daraja (kipande tofauti kinachotangulia vibwagizo vya mwisho) 8, kibwagizo mara mbili 16. Jumla vipimo 76, sawa na dakika 3 na sekunde 10. Ubeti wa pili ulikatwa nusu, ukabaki vipimo 8. Jumla ikawa 68, dakika 2 na sekunde 50. Nusu iliyoondolewa ilikuwa inarudia ubeti wa kwanza. Iliyobaki inahamisha wakati, usiku umekuwa asubuhi.

Katika kibwagizo kila kipande cha mizani nane kinachukua kipimo kimoja, kisha kipimo kimoja kitupu. Hivyo vitupu viliachwa makusudi. Mshirika asipoona nafasi ya kuingia, ataingia juu yako.

10 Machi: demo

Nyuzi mpya zilifungwa siku mbili kabla ya kurekodi. Zikifungwa siku ileile zinashuka kila baada ya mstari.

Rekodi ya kwanza ilifanywa bila kliki, ili "isikike hai". Beti zilikwenda 96, vibwagizo vikapanda hadi karibu 101. Tofauti hiyo ni takriban milisekunde 125 kwa kipimo. Baada ya vipimo vinane wimbo umeshaacha mapigo ya kliki kwa sekunde moja. Kumsikiliza mtu akiimba peke yake hivyo hakuna ubaya. Kuongeza besi juu yake kutoka nyumba nyingine ni adhabu. Ikarekodiwa upya kwa kliki.

Rekodi ya pili iliharibiwa na hedifoni za Bluetooth. Sauti ya kliki hufika sikioni imechelewa, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, mwimbaji anaifuata kwa uaminifu, na kila kitu kinaingia nyuma ya gitaa. Ucheleweshaji wenyewe haukuwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kusogeza treki nzima (rekodi ya sauti au chombo kimoja) hakukusaidia. Hedifoni za waya, basi.

Rekodi ya tatu ilikubalika. Mipangilio:

Maikrofoni ya sauti iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, ikielekezwa pembeni kidogo ya midomo ili P na B zisipige. Kwa gitaa, sentimita 20 hadi 30, ielekee kitako cha 12. Ikielekea tundu la gitaa unapata ngurumo ya chini isiyoondoka. Kilele cha sauti kikae kati ya -12 na -6 dB. Mita ikigonga sifuri, rudia, kwa sababu hakuna programu inayorudisha kikamilifu kilichokatwa. Chumba chenye nguo nyingi na mablanketi ni bora kuliko chumba kikubwa kitupu, hata kama kile kitupu kinapendeza zaidi kukiimbia.

Gitaa lilikuwa limetyuniwa kwa sikio, uzi kwa uzi. Lenyewe kwa lenyewe lilikuwa sawa. Dhidi ya A ya 440 lilikuwa chini kwa karibu theluthi ya nusutoni. Mpiga besi anaweza kulifuata kwa urahisi, kwa kinanda si rahisi. Rekodi ya tatu ikabaki kuwa ya mazoezi, na gitaa likarudiwa baada ya kutyuniwa kwa tyuna.

24 Machi: kutafuta washirika

Tangazo la kwanza lilisema hivi: "Natafuta wanamuziki wa kushirikiana, aina yoyote ya muziki, tuwasiliane." Majibu hayakuwa haba. Wengi walitaka kutengenezewa biti zao, wengine walitaka kuzungumza kuhusu ndoto, na faili haikutoka kwa yeyote. Tangazo lisilosema kazi huvuta wasio na kazi ya kutoa.

La pili:

"Wimbo wa Kiswahili, mapigo 96, ufunguo F, dakika 2:50. Maneno, melodi na gitaa viko tayari; demo ya sekunde 40 imeambatishwa. Anahitajika mpiga besi. Kazi ya kwanza ni kibwagizo kimoja tu, vipimo 8 (sekunde 20), ndani ya siku kumi. Anayeendelea anaingia kwenye mgao wa rekodi, kwa maandishi, kabla ya kugusa wimbo mzima. Tuma sampuli moja ya upigaji wako, hata ya simu."

Majibu yakawa machache sana, na karibu yote yalikuwa ya watu wanaopiga. Tangazo kama hilo likaandikwa kwa ajili ya kinanda na kwa ajili ya sauti ya pili, kila moja peke yake. Kuyaunganisha kunamfanya kila msomaji adhani mwenzake ndiye anayetafutwa. Yalipelekwa kwa viongozi wa kwaya, kwenye usiku wa jukwaa huria na kwenye makundi ya wapiga vyombo. Kwaya zilileta waimbaji wenye uwezo mkubwa kuliko wanavyojidhania. Anayesoma do-re-mi na kushika sauti ya pili bila kuvutwa na ya kwanza ni hazina.

Demo ya sekunde 40 iwe na kibwagizo ndani yake. Sekunde 20 za utangulizi wa gitaa hazimwambii mtu lolote.

14 Aprili: jaribio la sekunde 20, na faili

Jaribio dogo linapima mambo matatu. Je, faili imefika kwa wakati? Je, aliuliza swali lolote pale ambapo maelekezo hayakutosha? Ufundi unakuja wa tatu. Mpigaji hodari anayetuma baada ya mwezi atausimamisha mradi mzima. Wa wastani anayetuma na kurekebisha ataumaliza.

Kupiga pamoja moja kwa moja kupitia intaneti kulijaribiwa na kuachwa. Ucheleweshaji ukizidi takriban milisekunde 30 kila mpigaji anaanza kumngoja mwenzake na mwendo unaporomoka, na simu za video za kawaida huzidi hapo kwa mbali. Zinafaa kwa kujadili tu.

Faili zilileta matatizo yafuatayo, kwa mpangilio wa usumbufu.

Kasi tofauti za sampuli, yaani mara ngapi sauti inapimwa kwa sekunde. Mradi uko kwenye 48 kHz. Faili moja ililetwa kwenye 44.1 na programu ya simu ikaisoma kana kwamba ni 48. Ikakimbia kwa karibu asilimia 9 na kupanda nusutoni moja na nusu. Ukisikia sauti ya mshirika imekuwa nyembamba na inamaliza mapema, usimwandikie kulalamika; angalia namba hiyo kwanza.

Faili za MP3. Ugandamizaji huo huongeza ukimya mfupi mwanzoni mwa faili, mdogo wa kutoonekana lakini unatosha kuifanya besi ionekane mvivu.

Ujumbe wa sauti kwenye programu za kuchati. Hugandamizwa bila kuuliza. Ile faili itumwe kama hati, au kupitia hifadhi ya mtandaoni.

Faili zilizokatwa mwanzo. Mpiga kinanda anaingia kipimo cha tano, akakata ukimya wote uliotangulia, na sasa hakuna ajuaye inaanzia wapi.

Kanuni zilizotumwa kwa wote baada ya hapo: WAV (faili ya sauti isiyogandamizwa), 48 kHz, biti 24, mono (chaneli moja). Kila faili ianze sifuri, na vipimo viwili vya kliki (sekunde 5) vibaki mwanzoni. Hakuna mwangwi wala athari zilizochapwa ndani. Jina liwe na chombo, mwendo, ufunguo na namba ya toleo: besi_96_F_v02. Neno "mwisho" limepigwa marufuku kwenye majina ya faili, kwa sababu kila mradi huishia na "mwisho_kweli_2".

Ukubwa: mono ya namna hii ni takriban MB 8.6 kwa dakika, hivyo treki nzima pamoja na kliki ni kama MB 25. Treki nne ni 100, na kila marudio ni 25 nyingine kwa kila anayepakua. Kwa wenye kifurushi kidogo, FLAC inapunguza ukubwa bila kupoteza kitu. Data ndiyo gharama kubwa ya hatua hii.

28 Aprili: mgao

Ulifanywa kabla ya kurekodi wimbo mzima, na hata hivyo ulikuwa umechelewa: mwimbaji wa sauti ya pili alikuwa ameshabadilisha mistari miwili ya ubeti wa pili, mabadiliko mazuri, na swali la haki yake likawa halina jibu lililoandikwa.

Tenganisha vitu viwili. Utunzi ni maneno na melodi. Rekodi ni sauti yenyewe iliyonaswa. Mtu anaweza kuwa na sehemu katika kimoja na asiwe nayo katika kingine. Mpiga besi aliyejaza kodi zilizokwishapangwa yumo kwenye rekodi. Aliyebadilisha maneno yumo kwenye utunzi. Namba za utambulisho wa viwili hivyo pia ni tofauti: utunzi hupewa namba ya ISWC, rekodi hupewa ISRC.

Karatasi ya mgao ni ukurasa mmoja: jina la wimbo, tarehe, toleo linalohusika, majina halali na ya kisanii, mchango wa kila mmoja, asilimia za utunzi, asilimia za rekodi, nani anatoa ruhusa wimbo ukiombwa, na nini kinatokea kwa treki za mtu akijitoa. Kila safu ya asilimia ijumlishe 100 kamili. Watu watatu sawasawa ni 33.33, 33.33 na 33.34, fomu nyingi hukataa 99.99.

Kifungu cha kujitoa kilikuwa kigumu kuliko asilimia. Kilichokubaliwa: treki iliyokwisha kuwasilishwa inabaki kwenye rekodi na mgao wake unabaki, treki ambayo haijawasilishwa haina mgao.

Chini ya Mkataba wa Berne, uliosainiwa mwaka 1886, hakimiliki huanza mara tu kazi inapotungwa, bila sharti la kusajili, katika nchi wanachama. Usajili bado ni ushahidi mzuri. Hifadhi pia madaftari na matoleo ya zamani yenye tarehe. Na biti za bure zinazopakuliwa: nyingi haziruhusu matumizi ya kibiashara. Hazikutumika hapa, kwa sababu ruhusa isiyo wazi inaufunga utunzi mzima.

19 Mei: kurekebishana

Maoni ya mwanzo yalikuwa ya aina ya "iwe tamu zaidi", na kila toleo jipya lilikuwa baya kwa namna nyingine. Sasa maoni yanatolewa kwa dakika na sekunde, kitu kimoja kwa sentensi: "1:04, besi iingie pigo moja baadaye." "1:30, kinanda kiache mkono wa kushoto, kinapigana na besi." Marudio mawili kwa kila treki, kisha aliyeanzisha wimbo anaamua. Bila mwamuzi mmoja, watu wanne wanaheshimiana mpaka wimbo unakufa.

Kinanda kilikuwa kimejaza vile vipimo vitupu vya kibwagizo kwa mapambo. Mwimbaji wa pili akapendekeza viachwe, na yeye ajibu kwa neno moja tu, "bado", kwenye pigo la kwanza. BA iko juu ya pigo, neno ni fupi, na kibwagizo kikapata maana ambayo haikuwepo daftarini: kuna mtu mwingine anayengoja. Pendekezo hilo liliingizwa kwenye karatasi ya mgao siku hiyohiyo.

9 Juni: miksi (kuchanganya treki zote) na jaribio la masikio

Ya kawaida: masafa ya chini ya 80 Hz yalikatwa kwenye sauti na gitaa, S na SH zikapunguzwa makali kati ya 5 na 8 kHz, kilele cha mwisho kikaachwa -1 dB. Besi ilitoweka kabisa kwenye spika ya simu, kwani spika hizo hutoa kidogo sana chini ya 200 Hz. Kuipandisha kuliharibu hedifoni. Kilichofaa ni kuongeza ukwaruzo mdogo kwenye besi ili mawimbi yake ya juu yasikike hata pale ambapo yale ya chini hayafiki.

Kisha wimbo ukapewa wasikilizaji wasioyajua maneno, waandike kibwagizo wanavyokisikia. Kadhaa waliandika "barua hajafika". Silabi ha na i zilikuwa kwenye noti moja, mi na mi, zikayeyuka kuwa moja, na barua ikageuka mtu. Miksi haiwezi kutibu hilo. Irabu mbili zinazofuatana zikikaa kwenye noti moja huungana. Zikitenganishwa na hatua ya noti zinabaki mbili. I imepandishwa hadi fa, ja ikashushwa hadi mi. Ukaguzi wa haraka wa daftari ulionyesha kuwa hatari hiyo haipo kwenye "imeshachoka" wala "ya moyoni", lakini ipo kwenye "taa" ya ubeti wa kwanza, ambako noti moja ndefu ni sahihi na haina haja ya kuguswa.

Kibwagizo kinarekodiwa upya na waimbaji wote wawili, mara zote nne kinapotokea. Kunakili kimoja na kukibandika kulijaribiwa, na pumzi zilizokatwa zinasikika. Sauti ya pili ilikuwa ikiimba theluthi juu ya melodi (hatua mbili za do-re-mi juu yake), kwa hiyo nayo lazima ibadilike: juu ya i sasa ni la, si so. Treki mpya zitaitwa v05. Besi na kinanda havihusiki.